Gurudumu la Kusokotea Uzi Lenye Pedali Mbili: Tathmini Baada ya Miezi 14 ya Kulitumia Nyumbani

Gurudumu ninaloliandikia tathmini hii ni la mbao, lina pedali mbili, mkanda mmoja wa kuendeshea na breki ndogo ya uzi inayoizuia bobini, yaani kibiringo ambacho uzi hujizungusha juu yake. Kwa muda wa miezi 14 nimelitumia karibu kila jioni, na sufu niliyoisokota nalo imezidi kidogo kilo 6. Muundo wake hautoki katika kiwanda kimoja tu, kwani magurudumu yanayofanana nalo kwa vipimo na kwa utendaji hutengenezwa na mafundi wengi. Kwa hiyo sitamtaja aliyelitengeneza langu, hasa kwa kuwa ninayo malalamiko kadhaa juu ya kazi yake, bali nitaeleza kifaa chenyewe kwa namna itakayomwezesha anayekusudia kununua la aina hii kujua aangalie nini. Nimeridhika nalo sana kwa sufu ya unene wa kati. Kwa pamba halikunifaa. Mambo yote mawili yanatokana na sehemu moja ya kifaa, ambayo wauzaji huitaja kwa uchache kuliko zote, nayo ni breki.

Kuhusu sura yake sina mengi. Mbao ni ngumu na imepigwa msasa vizuri, gurudumu lenyewe lina kipenyo cha sentimeta 56, na kifaa kizima hubebeka kwa mkono mmoja kutoka chumba hadi chumba. Kilikuja vipande vipande ndani ya sanduku, nikakiunganisha kwa saa tatu kwa bisibisi na nyundo ya mpira. Nilipaka nta ya mbao kabla ya kuunganisha, na ningemshauri kila mmoja afanye hivyo, maana baadaye pembe nyingi hazifikiki kwa kitambaa.

Kabla ya gurudumu hili nilisokota kwa pia ya mkono, yaani kijiti chenye uzito kinachozunguka kikining'inia kwenye uzi, kwa miaka miwili. Pia hiyo ni kifaa kizuri, nami bado ninayo, lakini ina mpaka wake: msokotaji huvuta nyuzinyuzi na kuzitia msokoto hadi pia inapokaribia sakafu, kisha hulazimika kusimama, kuuzungushia uzi kwenye kijiti chake, na kuanza tena. Magurudumu ya zamani zaidi nayo yalikuwa na desturi hiyohiyo ya kusokota kwanza na kuzungushia baadaye. Kilichobadilisha kazi hii ni flaya, yaani kipande cha mbao chenye umbo la herufi U kinachoizunguka bobini, ambacho katika Ulaya kilikuwa kimekwisha kuonekana kwenye michoro ya karne ya 15. Flaya hutia msokoto na kuuzungushia uzi kwenye bobini kwa mwendo mmoja usiokatika, na mtu aliyezoea pia akiketi mbele ya gurudumu lenye flaya kwa mara ya kwanza huhisi kama kwamba uzi unanyang'anywa mkononi mwake. Hisia hiyo ndiyo mtihani wa wiki za mwanzo.

Pedali mbili ni jambo ninalolisifu bila kusita. Katika gurudumu la pedali moja, mguu mmoja hufanya kazi yote na gurudumu likisimama mahali pabaya hulazimu kulisukuma kwa mkono ili lianze upya, wakati mikono yote miwili imeshika sufu. Hapa miguu hupokezana kama katika kutembea, mgongo hubaki wima, na kwa kuchagua pedali ya kubonyeza gurudumu huanza kuelekea upande ninaoutaka bila mkono kuligusa, ila mara chache linaposimama mahali ambapo pedali moja iko juu kabisa na nyingine chini kabisa. Nilitumia jioni nne za mwanzo kukanyaga tu, bila sufu yoyote, nikijizoeza kuanza, kusimama, kurudi nyuma na kwenda polepole kiasi ambacho ningeweza kuhesabu kila mzunguko. Huenda mwenye hamu ya uzi akaziona jioni hizo kuwa zimepotea, lakini nina hakika kwamba ndizo zilizoniokoa, kwa sababu kosa kubwa la anayeanza ni miguu kukimbia huku mikono ikiwa bado inatafuta njia, na msokoto ukizidi, uzi huanza kujikunja wenyewe kwa wenyewe na kuwa mgumu kama waya. Ninakanyaga pekupeku, viatu vyenye soli nene huficha mguso wa pedali.

Sasa nije kwenye breki, na msomaji aniwie radhi nikikaa hapa kwa muda mrefu.

Katika mfumo huu mkanda huzungusha flaya peke yake. Bobini haina mkanda wake. Imevalishwa tu kwenye mhimili wa flaya, na huzunguka kwa sababu uzi uliofungwa kwake unaivuta. Juu ya mfereji uliochongwa mwishoni mwa bobini hupita uzi mwembamba, ambao upande mmoja umefungwa kwenye springi ndogo na upande mwingine kwenye kigingi cha mbao. Hiyo ndiyo breki yote. Ninapoushika uzi kwa vidole, flaya na bobini huzunguka pamoja kwa kasi moja, na kinachoongezeka ni msokoto peke yake. Ninapouachia uzi usogee mbele, breki huifanya bobini ibaki nyuma kidogo, flaya huipita, na kwa tofauti hiyo ya mizunguko uzi hujizungusha kwenye bobini. Kigingi kikikazwa, mvuto huongezeka, kikilegezwa, hupungua. Robo ya robo ya mzunguko wa kigingi hutosha kubadilisha tabia ya kifaa kizima, na hilo si kutia chumvi.

Kitabu cha maelekezo kilichokuja nalo kilikuwa na michoro mizuri ya namna ya kufunga skrubu, na kuhusu breki kilikuwa na sentensi moja: kaza mpaka uzi uanze kuvutwa. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haimsaidii anayeanza, kwa sababu yeye hukaza, huona uzi unavutwa, na hudhani amemaliza, wakati mvuto huo huenda ni mara tatu ya unaotakiwa. Wiki ya kwanza yote uzi wangu ulikuwa ukikatika au ukiingia ndani kabla haujapata msokoto wa kutosha, ukiwa legevu na mnene kama utambi. Nilidhani mikono yangu ndiyo mibaya. Tiba niliigundua kwa kufanya kinyume cha maelekezo: nililegeza breki kabisa mpaka mvuto wake usihisike vidoleni, nikaketi na kukanyaga polepole, nikiongeza kigingi kwa kiasi kidogo sana kila mara, hadi nilipofika mahali ambapo nikiusogeza mkono mbele uzi huingia taratibu na nikiuzuia mkono uzi hutulia bila kugombana nami. Toka siku hiyo huanza kila kikao kwa namna hiyo, nami huhisi ni haki ya kila mnunuzi kuelezwa hivyo tangu sanduku linapofunguliwa.

Jambo la pili kuhusu breki ni kwamba haiwekwi mara moja ikaisha. Bobini inapokuwa tupu, uzi hujizungusha karibu na mhimili. Inapojaa, hujizungusha mbali nao. Nguvu ya breki kwenye mfereji ni ileile, lakini kwa kuwa uzi sasa unavuta kutoka umbali mkubwa zaidi wa kitovu, hupata nafasi nzuri zaidi ya kuizungusha bobini, na kwa hiyo mvuto ninaouhisi vidoleni hupungua. Ndiyo maana kila baada ya tabaka kadhaa hukaza kigingi kidogo. Asiyejua sababu hii huona kifaa chake kimeharibika katikati ya kazi, kumbe kinahitaji tu kuguswa.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu la kwanza dhidi ya aliyelitengeneza. Springi iliyowekwa ilikuwa ngumu kupita kiasi, hivyo badala ya kunyumbuka na kuruhusu marekebisho madogo, ilirukia kutoka mvuto hafifu hadi mvuto mkali bila hatua za katikati. Uzi wa breki nao ulikuwa wa nailoni nene, ambao kwenye mfereji huteleza na kukwama kwa zamu. Niliweka springi laini zaidi, na mahali pa nailoni nikaweka uzi wa pamba uliopakwa nta kidogo. Marekebisho hayo mawili yalichukua dakika 10, na baada yake gurudumu likawa kifaa kingine kabisa. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu huenda mwingine angelirudisha gurudumu dukani, au kuacha kusokota, kwa kasoro ya vipande viwili vidogo kuliko vyote vilivyomo.

Kigingi chenyewe kina tabia ya mbao: msimu wa unyevunyevu hukaza ndani ya tundu lake na hukataa kugeuka, na hewa ikikauka hulegea na kurudi nyuma chenyewe. Nikikisugua chaki hushika vizuri, nikikisugua sabuni kavu huteleza vizuri. Ninavyo vyote viwili karibu na kiti.

Kwenye flaya kumefungwa kapi lenye mifereji mitatu, na mkanda huhamishwa kutoka mfereji mmoja hadi mwingine kulingana na kasi inayotakiwa. Uwiano wake ni 1:6, 1:9 na 1:13, maana yake ni kwamba gurudumu likizunguka mara moja flaya huzunguka mara 6, 9 au 13. Tarakimu hizi si mapambo ya tangazo. Nikiwa kwenye 1:9, na nikavuta sufu sentimeta 9 kwa kila mizunguko miwili ya gurudumu, uzi hupata mizunguko 18 ya msokoto katika sentimeta hizo 9, yaani miwili kwa kila sentimeta, kiasi kinachofaa kwa uzi wa kufumia sweta. Nikitaka uzi mwembamba zaidi, ambao huhitaji msokoto mwingi zaidi ili usikatike, nahamia 1:13 badala ya kuichosha miguu. Uwiano wa 1:6 ni wa uzi mnene, na ni huo ninaoupendekeza kwa mwezi wa kwanza, kwa sababu humpa msokotaji muda wa kufikiri. Sehemu kubwa ya sufu yangu imepita kwenye 1:9. Laiti pangekuwa na mfereji wa nne wenye kasi zaidi, sehemu ya tathmini hii inayohusu pamba ingekuwa fupi.

Kuhusu mikono, gurudumu halina la kufanya isipokuwa kuvumilia, na hili linavumilia vizuri. Njia ninayoitumia zaidi ni ile ya hatua fupi: mkono wa mbele huvuta nyuzinyuzi kiasi kisichozidi nusu ya urefu wake, vidole vikiuzuia msokoto usipite kuingia kwenye sufu iliyobaki, kisha hurudi nyuma vikilainisha uzi na kuuruhusu msokoto ufuate. Uzi unaotokea huwa laini, mzito na wenye nguvu. Njia ya pili ni ya kuuacha msokoto uingie kwenye sufu iliyochanwa kwa vichanio na kuviringishwa, huku mkono wa nyuma ukirudi mbali kwa mvuto mmoja mrefu. Uzi wake hushika hewa nyingi na huwa mwepesi na wenye joto. Hii ya pili huhitaji breki iliyolegezwa kweli, na kabla sijabadilisha springi sikuweza kuifanya hata mara moja. Baada ya kubadilisha, niliisokota sufu yote ya shali moja kwa njia hiyo, na furaha ya kuuona uzi ukizaliwa katika mvuto wa urefu wa mkono mzima sijaipata katika kazi nyingine yoyote ya mikono.

Sufu niliyoanza nayo ilikuwa ya kondoo wa Corriedale, ambayo nyuzinyuzi zake ni ndefu kiasi cha kushikika na si nyembamba kiasi cha kuteleza. Nilijaribu mapema mno sufu ya Merino, iliyo laini kuliko zote nilizowahi kushika, na nikajuta, kwa kuwa ulaini wake hutokana na wembamba wa nyuzinyuzi, ambazo pia ni fupi, na mikono isiyozoea huziacha ziachane kabla msokoto haujafika. Miezi sita baadaye niliirudia kwa gurudumu hilihili, kwa 1:13 na breki hafifu, ikakubali. Sufu ambayo haijaoshwa, iliyo na mafuta yake ya asili, husokotwa kwa urahisi wa ajabu wakati wa joto, ila huacha utando kwenye kulabu za flaya na hudai usafi baada ya kila bobini.

Kulabu hizo ndizo lalamiko langu la pili. Zimepangwa kwenye mkono mmoja wa flaya, na uzi huongozwa kuingia mahali tofauti pa bobini kwa kuhamishwa kutoka kulabu moja hadi nyingine. Nafasi kati ya kulabu na kulabu ni karibu sentimeta 2, nayo ni kubwa mno: uzi hujilundika kuwa vilima na mabonde, vilima huporomoka, na wakati wa kuufungua uzi unaotoka chini hunaswa na ule ulioanguka juu yake. Nimejifunza kurudi kulabu moja nyuma kila ninapokwenda mbili mbele, na bobini zangu sasa zimejaa kwa usawa, lakini ningelipia kwa moyo mkunjufu flaya yenye kulabu moja inayoteleza juu ya fimbo, ambayo husimama popote. Wanunuzi wapya wasilipuuze jambo hili kwa sababu tu linaonekana dogo dukani.

Uzi mmoja uliosokotwa haujakamilika kwa matumizi mengi. Ukiuachia huru hujikunja, na kitambaa kilichofumwa kwa uzi huo mara nyingi huelekea upande mmoja. Kwa hiyo nyuzi mbili au tatu hupotwa pamoja kwa kuzizungusha upande ulio kinyume na ule zilikosokotewa, ili sehemu ya msokoto wa kwanza ifunguke na nguvu mbili zinazopingana zitulizane. Mimi husokota gurudumu likizunguka kama mishale ya saa na kupota likizunguka kinyume chake. Kipimo changu ni cha zamani na hakihitaji chombo: huuacha uzi uliopotwa uning'inie kama kitanzi kutoka mkononi, na ukining'inia wazi bila kujizonga, basi umetulia.

Katika kupota gurudumu hili ni zuri kuliko nilivyotarajia. Breki hukazwa zaidi, kwa kuwa nyuzi mbili zilizokwisha kupata nguvu haziogopi kuvutwa, na kazi huenda mbio. Tatizo ni bobini. Zilikuja tatu. Kwa uzi wa nyuzi mbili zinatosha kwa hesabu, yaani mbili zenye uzi na moja tupu ya kupokea, lakini kila bobini hubeba karibu gramu 100, na bobini mbili zilizojaa haziwezi kuingia katika moja. Hulazimika ama kusokota gramu 50 tu kwenye kila moja, ama kukata uzi katikati ya kupota na kuanza bobini nyingine, jambo linalohitaji bobini ya nne. Kwa uzi wa nyuzi tatu hiyo ya nne haiepukiki. Niliagiza mbili za ziada mwezi wa pili, na nadhani mtengenezaji angeziweka mwanzoni kama angekuwa anasokota mwenyewe. Kibao cha kusimamishia bobini wakati wa kupota, kilichochongwa ubavuni mwa gurudumu, kimewekwa karibu mno na flaya na uzi hufika ukiwa haujanyooka. Nimetengeneza changu kwa sanduku la kadibodi na sindano mbili za kufumia, nacho huwekwa nyuma ya kiti, umbali wa mita moja, ambapo nyuzi hupata nafasi ya kulingana.

Baada ya kupota, uzi huzungushwa kuwa shada, hufungwa mahali panne kwa uzi wa rangi nyingine, na huoshwa. Maji ni ya uvuguvugu na sabuni ni kidogo. Shada huzamishwa na kuachwa dakika 20 bila kusuguliwa, kwa sababu nyuzinyuzi za sufu zina magamba madogo ambayo yakisuguliwa au yakibadilishiwa joto ghafla hushikana na uzi hugeuka kuwa felti, yaani sufu iliyogandamana. Hili halihusu gurudumu moja kwa moja, lakini nimeona watu wakikilaumu kifaa kwa uzi mbaya ambao kumbe ulikuwa haujaoshwa tu. Msokoto hujipanga majini. Uzi unaotoka kwenye bobini ukiwa na mawimbi hutoka kwenye maji umevimba, umejaa na umetulia, na mara nyingi ndipo hujua kwamba ulikuwa mzuri.

Kwa upande wa pamba, nilifanya majaribio matatu kwa siku tofauti na kuyaacha. Nyuzinyuzi za pamba kwa kawaida zina urefu wa sentimeta 2 hadi 4 tu, hivyo hudai msokoto mwingi unaofika haraka na mvuto mdogo sana. Gurudumu hili lina upungufu katika yote mawili: 1:13 si kasi ya kutosha, na breki, hata ikilegezwa hadi mwisho, haikosi kuuvuta uzi, kwa kuwa msuguano wa bobini kwenye mhimili tayari ni mvuto. Nilipata uzi, lakini ulikuwa mnene na wenye mafundo, na nilikuwa nikikanyaga kama mtu anayekimbizwa. Kwa pamba kifaa bora ni charka ya India, ileile ambayo Mahatma Gandhi aliifanya alama ya kujitegemea katika harakati za uhuru, kwa sababu humo uzi husokotwa kwenye ncha ya kijiti chembamba chenye kasi kubwa, bila flaya na bila bobini inayovuta, na huzungushiwa tu pale msokotaji anapoamua. Magurudumu ya flaya yenye kapi la kasi zaidi nayo huiweza. Anayetaka kusokota pamba peke yake asinunue hili.

Matunzo ni mepesi mradi yasisahauliwe. Kila ninapobadilisha bobini hutia tone moja la mafuta kwenye mhimili wa flaya, na mara moja kwa wiki kwenye beringi za gurudumu na kwenye viungio vya pedali. Vipande vya ngozi sivipaki mafuta ya mashine, maana hulainika na kulegea. Mkanda wa kuendeshea uliokuja nalo ulikuwa wa pamba, nao ulikuwa na fundo kubwa lililogonga kapi kila mzunguko. Mlio wake hafifu haukunisumbua, lakini kila pigo lilitikisa uzi vidoleni. Niliufunga upya kwa kuzishona ncha mbili zipishane badala ya kuzifunga fundo. Mwezi wa tisa gurudumu lilianza kuurusha mkanda. Nikashika penseli karibu na ukingo wake na kulizungusha polepole, nikaona linayumba karibu milimeta 2, pengine kwa sababu nililiacha mahali panapopigwa na jua. Kwa kukaza skrubu za nguzo moja na kusogeza flaya kidogo ilingane na mfereji, kasoro iliondoka na haijarudi. Sasa hulifunika kwa kitambaa, na kila nimalizapo hulegeza mkanda na breki visikae vimevutwa usiku kucha.

Kuhusu muda, ni vema kusema ukweli kwa anayedhani atapata sweta kwa wiki. Gramu 100 za uzi wa nyuzi mbili, wenye urefu wa mita 200 hivi, hunichukua karibu saa tano na nusu, kupota kukiwemo na kuchana kusikokuwemo. Sweta niliyoifuma msimu uliopita ilikula gramu 600, ambazo ni mita 1,200 za uzi uliopotwa na mita 2,400 za uzi mmoja uliopita vidoleni mwangu. Kwenye pia kazi hiyo ingenichukua muda mrefu zaidi kwa mbali. Nilichojifunza katika sweta ile ni kusokota sufu yote kwanza, kuzichanganya bobini za mwanzo na za mwisho wakati wa kupota, kisha ndipo nifume. Unene wa uzi hubadilika jinsi mkono unavyozoea, na mchanganyiko huo huficha tofauti. Aidha, ninacho kipande cha kadi kilichofungwa kwenye mguu wa gurudumu, kimezungushiwa kipande cha uzi wa kwanza nilioukubali, nami huulinganisha nao kila ninapokaa.

Kwa anayekwenda kununua, ningemwomba apate nafasi ya kuketi na kukanyaga kabla ya kulipa, akiwa na sufu yake mkononi ikiwezekana. Atazame kama magoti yake yanapita chini ya ubao bila kugonga, na kama gurudumu huanza kwa mguu peke yake. Kisha ageuze kigingi cha breki polepole kutoka legevu hadi kaza huku uzi ukiwa vidoleni, na aone kama mvuto unapanda hatua kwa hatua au unaruka. Auulizie uwiano wa kapi, idadi ya bobini, na kama bobini za ziada hupatikana kwa urahisi, kwa sababu bobini ya mtengenezaji mmoja mara nyingi haiingii kwenye flaya ya mwingine. Nakshi, rangi ya mbao na umbo la spoki avitazame mwisho.

Jana nilijaza bobini ya sufu ya kijivu ya kondoo wa Romney kwa 1:9, na kesho nitaanza ya pili ili nizipote pamoja mwishoni mwa juma. Kigingi kiko pale nilipokiacha, kwa sababu hewa imekuwa kavu na nilikisugua chaki.